Chumvi, jiwe na samaki sita wa binti yangu

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Leo nataka kukusimulia jinsi mimi, mzee mzima, nilivyokataa kuuliza, nikawaua samaki sita kwa usiku mmoja. Wala hawakuwa samaki wa kukaangwa. Walikuwa samaki wa dhahabu wa binti yangu, wa kutazamwa tu, waliokuwa wakielea katika tangi la kioo sebuleni mwetu hapa Umoja.

Binti yangu yuko shule ya bweni. Tangi hilo la lita 120 alilinunua pole pole kwa pesa za zawadi na za kusuka watoto wa majirani nywele. Alipokuwa akirudi shuleni alibandika karatasi kwenye friji, maandishi yake yakiwa yamenyooka kama ya mwalimu: "Baba, walishe mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Kila Jumamosi badilisha mtungi mmoja wa maji. Usioshe chujio kwa maji ya mfereji. Mfuko wa mawe ulio ndani ya chujio usiuguse."

Majuma matatu nilifuata amri. Sisi wa Eastlands tunajua mgao wa maji ulivyo. Siku mfereji unapotoa maji hujaza kila pipa, kila karai na kila sufuria, kisha unayapandisha maji ngazini hadi orofa ya tatu huku ukihesabu vidato. Kumbe nilikuwa nikimbebea samaki mtungi wa lita 20 kila Jumamosi, na mama watoto akinicheka: "Mimi hujawahi kunibebea hivyo!"

Juma la nne samaki walitokwa na madoa meupe, kama waliomwagiwa chembe za chumvi. Nikamweleza jirani wa orofa ya kwanza, mama mmoja aliyewahi kufuga samaki miaka mingi. "Hiyo ni kawaida, Baba," akaniambia. "Watilie chumvi."

Nikatia. Nusu kilo ya chumvi ya jikoni, niliyoikoroga kwanza ndani ya ndoo kama mtu anayejua anachofanya. Usiku niliwaona wamekuja juu wakitweta, vinywa vikifunguka na kufumba. Nikasema ni dawa inafanya kazi, nikaenda kulala. Alfajiri wote sita walikuwa wamelala ubavu.

Binti alipokuja nyumbani likizoni hakupiga kelele. Alilitazama tangi tupu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Baba, ulitoa mfuko wa mawe kwanza?"

"Mawe gani?"

Hapo ndipo somo langu lilipoanza. Ninakuletea hapa, msomaji, kwa sababu najua nyumba nyingi mtaani zina tangi la samaki, na wanafunzi wengi wanatamani kuwa nalo.

Uchafu usioonekana

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuwa maji yanayong'aa si lazima yawe maji safi. Samaki anapumua, anakula na kujisaidia ndani ya maji yale yale. Kinachotoka mwilini mwake kwa wingi ni amonia, ile ile inayowasha pua katika choo kisichomwagiwa maji. Amonia haina rangi, na kiasi kidogo tu huunguza mashavu ya samaki, yaani sehemu anayopumulia.

Mungu ameweka wafagiaji. Kuna bakteria wanaokaa kwenye changarawe na ndani ya chujio, ambao hula amonia na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Kundi jingine la bakteria huichukua nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Katika tangi jipya wafagiaji hao huchukua majuma manne hadi sita kujijenga. Ndiyo maana mtoto anayenunua tangi Jumamosi na kujaza samaki Jumapili huanza kuwazika ijapo Jumamosi ya pili.

Ndiyo maana pia binti alikataza chujio kuoshwa kwa maji ya mfereji. Maji ya Nairobi hutiwa klorini ili yasituletee maradhi, na klorini haichagui bakteria wa kuua. Chujio husuuzwa kwa maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe. Maji mapya nayo hukaa usiku kucha ndani ya chombo kilicho wazi ili klorini itoke kabla ya kumiminwa. Na stima ikipotea saa nyingi, pampu ikanyamaza, bakteria wa chujioni hukosa hewa na kuanza kufa. Stima inaporudi baada ya kutwa nzima, lisuuze chujio kwanza kabla ya kuliwasha, na siku hiyo usiwape samaki chakula.

Nitrati, kwa upande wake, haiendi popote. Hujikusanya, pamoja na fosfati itokayo kwenye chakula, na hivyo viwili ni mbolea. Ukiona vioo vinageuka kijani, jua kuna mbolea majini. Katika tangi la maji baridi, wafugaji wengi hujitahidi nitrati isipite miligramu 40 katika lita moja. Dawa yake ni kubadilisha maji, na ndiyo maana ya mtungi wa Jumamosi.

Jiwe linalochemka

Sasa tuje kwenye mfuko. Ndani yake mlikuwa na vijiwe vya rangi ya kijivu viitwavyo zeolaiti. Jina hilo lilitolewa mwaka 1756 na Axel Cronstedt, mtaalamu wa madini wa Uswidi, aliyepasha moto jiwe akaliona likitoa mvuke kama linalochemka. Kwa Kigiriki maana yake ni jiwe linalochemka. Maji yalikuwa yamejificha ndani yake, kwa kuwa zeolaiti imejaa vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

Binti alinieleza kazi yake kwa lugha ninayoielewa. "Baba, chukulia jiwe ni matatu. Viti vyake vimekaliwa na abiria waitwao sodiamu. Amonia ikipita, matatu humshusha sodiamu na kumpakia amonia, kwa sababu humpenda zaidi. Basi amonia inatoka majini na kukaa ndani ya jiwe."

"Sawa. Na chumvi?"

"Chumvi ni sodiamu, Baba. Ulileta umati wa sodiamu kituoni kwa mara moja. Ukiwa na abiria elfu wanaosukumana mlangoni, hata yule unayempenda atatolewa nje."

Nikaelewa. Miezi mitano jiwe lilikuwa likikusanya amonia kimya kimya. Nusu kilo yangu ya chumvi ikaitoa kwa saa chache, ikarudi majini mahali samaki walipokuwa wakipumua. Jirani yangu hakukosea, maana chumvi ni dawa ya zamani ya yale madoa meupe na imewaponya samaki wengi. Kosa lilikuwa langu. Karatasi ilisema kuna mfuko, nami sikuuliza mfuko ni wa nini.

Ajabu ni kuwa chumvi hiyo hiyo ndiyo inayolifufua jiwe. Mfuko ukishajaa hutolewa nje ya tangi, ukaloweshwa usiku kucha katika ndoo ya maji lita 10 yenye nusu kilo ya chumvi. Amonia hutoka na sodiamu hurudi kwenye viti. Kisha vijiwe husuuzwa vizuri kwa maji matamu na kuanikwa juani, tayari kwa safari nyingine. Kwa nyumba yenye mgao wa maji huu ni msaada mkubwa. Mfereji ukikauka majuma mawili na mtungi wa Jumamosi ukakosekana, jiwe hupokea sehemu ya mzigo wa amonia wakati unangojea maji.

Lakini angalia neno hili: hupokea. Jiwe haliui uchafu, linaubeba tu. Binti alilirudia mara mbili: "Uchafu hauishi, Baba. Huhama."

Na onyo kwa vijana wachangamfu. Bonde la Ufa lina zeolaiti, na mashapo ya kale ya Ziwa Magadi yana za aina kadhaa. Usiende kuokota mawe na kuyaponda nyumbani. Aina moja inayopatikana Magadi, iitwayo erionaiti, ina nyuzi nyembamba ambazo vumbi lake likivutwa huleta saratani ya utando wa mapafu. Vijiji vya Kapadokia nchini Uturuki viliumia sana kwa jiwe hilo. Nunua zeolaiti iliyoandaliwa kwa kazi ya samaki, katika duka la vifaa vya samaki, na uisuuze ikiwa imelowa ili vumbi lisiruke.

Na maji ya bahari je?

Binti yangu ana ndoto kubwa kuliko samaki wa dhahabu. Shule yao iliwahi kuwapeleka Mombasa, wakapanda mashua yenye sakafu ya kioo, na tangu hapo anataka kufuga matumbawe sebuleni. Matumbawe, msomaji, ingawa tunayaona kama mawe, ni wanyama. Kila tundu dogo lina mnyama laini, na mwilini mwake huishi mwani mdogo mno unaomtengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Nilimuuliza swali nililolipata kwa maumivu: "Ikiwa chumvi huifukuza amonia kwenye jiwe, na bahari ina gramu 35 za chumvi katika kila lita, wafugaji wa matumbawe hutumiaje zeolaiti?"

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Hapo umeuliza kama mwanafunzi."

Jibu ni kuwa baharini jiwe halifanyi kazi ya matatu kwa kiasi kikubwa, kwani viti vimejaa sodiamu. Huko jiwe ni nyumba ya kupanga. Bakteria huhamia kwenye uso wake na ndani ya vijitundu vyake. Mfugaji huwapa chakula cha kaboni kwa matone, nao wanapozaana huivuta nitrati na fosfati miilini mwao. Kila siku mfugaji huyatikisa mawe, utando wa bakteria unabanduka, sehemu ikaliwa na matumbawe, na sehemu nyingine ikanaswa na mtambo wa povu unaoitoa nje ya tangi. Mtindo huu ulipata jina kupitia Wajerumani, hasa kwa chapa ya ZEOvit. Kipimo chao cha kawaida ni lita moja ya mawe kwa lita 400 za maji, na mawe hubadilishwa baada ya majuma sita hivi.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu matumbawe huishi vizuri katika maji yenye mbolea kidogo mno. Mbolea ikizidi, mwani mkubwa hustawi na kuyafunika yakakosa mwanga. Lakini kuna upande wa pili ambao wenye pupa huusahau. Mfugaji akiongeza mawe na matone kwa haraka, mbolea ikafika sufuri, ule mwani mdogo ulio mwilini hufa njaa, matumbawe yakapauka na kufa. Wafugaji stadi wa tangi la namna hiyo hawatafuti sufuri. Wengi hutaka nitrati ya miligramu chache katika lita na fosfati isiyozidi sehemu ya kumi ya miligramu, na juu ya yote hutaka vipimo hivyo visiyumbe.

Tulikaa mezani tukapiga hesabu. Tangi la lita 200 lahitaji kilo saba za chumvi maalumu kwa kulijaza mara moja. Chumvi ya jikoni haifai, kwani matumbawe yanataka kalsiamu, magnesiamu na vingine vingi vilivyo baharini. Maji ya mfereji sharti yapitishwe kwenye chujio la kuondoa karibu kila kitu, na chujio hilo humwaga maji mengi ili litoe machache. Taa kali na pampu vyataka stima mchana kutwa, na pampu haziruhusiwi kulala usiku. Tena matumbawe magumu yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hivyo hayavuki mpaka bila kibali, na kuyang'oa katika hifadhi zetu za bahari ni hatia. Usione vyaelea, vimeundwa.

Nilidhani hesabu hiyo itamkatisha tamaa. Badala yake akasema, "Basi twende tukayatazame yaliko. Na tuwache kuyaua."

"Nani anayeyaua?"

"Sisi, Baba. Sisi wa Umoja."

Kutoka Umoja hadi Malindi

Akachukua atlasi. Maji ya choo, ya kufulia na ya kuoshea vyombo kutoka mitaa mingi ya Nairobi huenda kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya Dandora, yaliyoko Ruai, kisha hutiririka katika Mto Nairobi. Mengine hayafiki mabwawani, hupasua bomba na kuingia mtoni yakiwa mabichi. Mto Nairobi huingia Mto Athi. Athi hukutana na Tsavo na kuitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Sabaki humwaga maji yake katika Bahari Hindi, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Na hapo Malindi, msomaji, pana hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, sawa na ile ya Watamu, ili kulinda matumbawe.

Sitaki kukudanganya kuwa kila tone la sinki lako hufika kwenye matumbawe. Watafiti waliopima mto huo wamegundua kuwa wakati wa kiangazi viumbe vya mtoni huondoa sehemu kubwa ya naitrojeni inayotoka Nairobi kabla haijafika baharini. Ni kazi ile ile ya bakteria wa chujio. Masika yakija, mafuriko huisukuma hadi baharini, pamoja na udongo mwekundu wa mashamba yaliyochoka, na udongo huo ndio mzigo mzito zaidi kwa Malindi. Tena joto la bahari la El Niño ya 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Matumbawe yaliyokwisha kuumizwa na joto yakipata tope na mbolea juu yake, hayana nguvu za kurudi.

Kwa hivyo hakuna mahali paitwapo "nje" tunapotupa uchafu. Kuna mahali unapohamia tu. Ile ndoo ya chumvi ya kufufulia jiwe nayo, ukiimwaga, amonia yake inaanza safari. Hata sabuni ya unga ina sehemu yake. Zamani nchi nyingi zilitia fosfati kwa wingi katika sabuni ya kufulia, maziwa na mito yake ikajaa mwani. Katika nyingi ya sabuni hizo mahali pa fosfati palichukuliwa na nini, wadhani? Na zeolaiti. Ndugu wa jiwe lile.

La kufanya nyumbani

Tumekubaliana mambo machache, nami nakupa na wewe.

Lisha kidogo. Mbolea yote ya tangi huingia kwa chakula, na chakula kisicholiwa ndicho kinachooza. Weka samaki wachache kuliko unavyotamani.

Maji unayotoa tangini usiyamwage chooni. Yana nitrati, na sukuma wiki inaipenda. Gunia letu la sukuma pale kwenye roshani halijawahi kupendeza kama sasa. Lakini maji yaliyotiwa chumvi usiyapeleke kwenye mboga, utaiua kama nilivyowaua samaki.

Kabla ya kutia chumvi au dawa yoyote, toa kwanza mfuko wa zeolaiti. Bora zaidi, mhamishe mgonjwa katika karai lake peke yake.

Zeolaiti isikufanye mvivu. Pima maji kwa vijiti vya kupimia kila juma, na mtungi wa Jumamosi ubaki pale pale. Jiwe lililojaa ni deni, na deni hudaiwa siku usiyoitazamia.

Mwisho, ukiachiwa kazi na mtoto, muulize maana ya kila mstari. Watoto wetu wanajua mambo ambayo sisi hatukusoma.

Sasa tangi lina samaki watatu. Niliwanunua kwa pesa zangu, naye akawachagua. Mfuko wa mawe umefufuliwa na kurudi chujioni, na juu ya kifuniko amebandika karatasi mpya: "BABA, CHUMVI HAPANA." Mama watoto huwaonyesha wageni karatasi hiyo kabla hawajaonyeshwa samaki. Nami nimeanza kuweka akiba kwa safari ya Malindi likizo ijayo, ili binti yangu anionyeshe matumbawe yaliko, na mimi nione maji ya Umoja yanakoishia.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.